Sahani ya Tisa

Mwikwabe alishindwa kunywa chai. Alikishika kikombe cha bati kwa mikono miwili, akakiinua, na kikombe kikaanza kulia kwenye meno yake, ti-ti-ti-ti, mpaka nusu ya chai ikaishia kifuani. Askari wa zamu aliyekuwa mlangoni alitazama pembeni. Tangu Jumamosi alikuwa anawaambia wenzake kwamba pingu za mtu huyu huongea zenyewe.

"Umemwona?" Bwana Monari, mkuu wa upelelezi, alikuwa amesema asubuhi hiyo ya Jumatatu. "Mtu safi hatetemeki hivyo. Ijumaa anasomewa shtaka la mauaji. Wewe nifungie faili tu, Jerusha, usinifungulie nyingine."

Inspekta Jerusha Mong'ina alikuwa na miaka kumi na minne kazini, na wauaji wengi aliowakamata walikuwa na mikono iliyotulia sana. Lakini mkubwa ni mkubwa. Alisema ndiyo bwana, akachukua faili, akashuka seli.

"Ulianza kutetemeka lini?" alimwuliza Mwikwabe.

"Huu ni mwaka wa tatu, madam."

"Na Daktari Owaga ulimjua lini?"

"Mwaka huu, mwezi wa nne."

Aliandika hilo, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa ameliandika. Faili ilisema mambo machache tu. Daktari Caleb Owaga, mtafiti wa minyoo, alikuwa amefariki hospitalini Ijumaa, tarehe kumi na moja Julai, baada ya kutapika damu na kukatika mkojo kwa siku tisa. Waliomtibu waliandika sumu ya zebaki. Siku chache kabla ya kuugua, Mwikwabe, mchimba dhahabu wa Osiri kule Migori, alikuwa amemletea kichupa cha zebaki. Aliyewaambia polisi habari za kichupa ni Elvis Owaga, mdogo wake marehemu, mwenye kinu cha kusaga mawe ya dhahabu huko huko Osiri. Mwikwabe alikuwa kibarua wake.

"Ulimpa zebaki kwa nini?"

"Aliniomba. Ya kupimia wadudu wake. Daktari alikuja kwenye kinu akachota maji ya bwawa, akatupanga mstari wanaume thelathini, akatuambia tunyooshe mikono. Madam, tunachoma zebaki kwa kikaango kila siku ya Mungu, na huyo ndiye mtu wa kwanza kutuuliza habari ya afya. Sasa mimi nimuue ili iweje?"

Mong'ina alifunga kalamu. Alikuwa ameshasimama Mwikwabe alipomwita tena.

"Baba yangu alikufa akitetemeka hivi hivi. Kwetu wanasema ni kitu cha ukoo, kiko kwa damu. Nina msichana, Boke, miaka minne. Juzi alikuwa amebeba kikombe cha maji nikaona mkono wake umecheza, au labda ni macho yangu. Daktari alisema atanipa jibu, kama hiki kitu kinapita kwa mtoto ama hakipiti. Amekufa nalo."

"Mimi ni polisi, Mwikwabe. Si daktari."

"Najua. Nimekuambia tu."

*

Maabara ya marehemu ilikuwa nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, mwisho wa mji wa Homa Bay, mahali ambapo hata mbuzi hawakupenda kupumzika. Majirani waliizunguka kwa mbali. Walisema daktari alifuga minyoo inayowaingia watu wa Osiri kichwani na kuwachezesha, na kwamba hatimaye imemrudia mwenyewe. Mlinzi wa lango alimwambia Mong'ina habari hizo kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Aliyefungua mlango ni Priscilla Atoti, fundi wa maabara, macho yamemvimba kwa kilio. Alikuwa kijijini kwao Kisegi kwa wiki tatu akimwuguza mama yake, na alirudi Jumamosi kukuta bosi wake yuko mochari.

Ndani hapakuwa na dirisha lililo wazi. Ukutani, toka sakafuni mpaka darini, palibandikwa karatasi nyembamba za penseli. Nusu yake zilikuwa na mistari ya mawimbi, iliyotoka upande mmoja kwenda mwingine. Nusu nyingine zilikuwa na duara. Duara ndani ya duara, mamia kwa mamia, na mtu akizitazama kwa muda alihisi sakafu inaanza kugeuka.

"Nani alichora hizi?"

"Minyoo," Priscilla alisema. Kisha akaona uso wa Inspekta. "Samahani. Mnyoo akitembea juu ya jeli anaacha njia. Daktari aliweka karatasi juu ya kifuniko kila asubuhi akafuatisha njia zao kwa penseli. Kuja uone."

Alifungua boksi la barafu, lile la wachuuzi wa samaki, akatoa sahani ndogo ya plastiki iliyolala kichwa chini, akaiweka chini ya hadubini. Mong'ina aliinama.

Walikuwa wadogo kuliko nukta, weupe, wamekuwa wakubwa ghafla ndani ya kioo. Walikuwa wanazunguka. Kila mmoja mahali pake, wote kwa kushoto, hawaendi popote, hawaachi. Aliinua kichwa, akafuta jicho, akainama tena. Walikuwa bado wanazunguka.

"Wanajua tunawaangalia?"

"Hawana macho, madam."

Hilo halikumsaidia. Alivuta kiti akakaa mbali kidogo na meza.

"Nielezee polepole," alisema. "Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne."

"Ni minyoo ya udongo, haili mtu, wacha wale waongo huko nje. Mwili wake una seli za neva mia tatu na mbili. Zimehesabiwa zote. Lakini kando ya neva kuna seli nyingine, hamsini na kitu, zinaitwa glia. Kazi yao ni kuzishika neva na kuzihudumia. Neva ni kama mgeni rasmi kwa harambee, ndiye anaongea kwa kipaza sauti. Glia ndio wale wako jikoni. Hakuna anayewataja, lakini jaribu kufanya harambee bila jikoni."

"Enhe."

"Hawa wanaozunguka wameharibika jeni moja tu, na hiyo jeni inafanya kazi kwa glia peke yake. Neva zao ni nzima kabisa. Watu hawakuwa wanaamini. Daktari alisema basi njooni muone, jikoni wamegoma, na mgeni rasmi anazunguka meza."

"Hawa wamezaliwa hivyo."

"Wamezaliwa hivyo na wanazaa watoto hivyo. Halafu kuna wazima." Alivuta trei nyingine kutoka boksini. "Daktari alichukua minyoo wazima akawaweka kwa sahani kumi. Ya kwanza mpaka ya nane alitia maji ya bwawa la Osiri. Ya tisa, maji ya mtungi wa nyumbani kwake. Ya kumi, maji ya mvua. Hizo mbili za mwisho ni maji safi, za kulinganisha. Na wale wa Osiri wakaanza..."

Alikuwa ameinama juu ya trei, anavuta hewa kwa pua.

Mong'ina pia alikuwa ameisikia harufu. Ilikuwa blichi, ile ya kutakatisha mashati meupe.

"Mtu amezimwagia," Priscilla alisema. "Zote kumi. Na amezirudisha vibaya. Sahani inalala kichwa chini, kifuniko chini, siku zote, ama majasho ya kifuniko yatadondokea minyoo. Hizi zimewekwa wima."

"Jana zilikuwa hivi?"

"Jumamosi jioni nilifungua boksi nikabadilisha barafu. Zilikuwa sawa. Jana sikuja."

Jumamosi jioni Mwikwabe alikuwa ameshakaa seli kwa saa nane. Mong'ina alitoka, akamwita mlinzi, akamwuliza nani aliingia Jumapili. Mlinzi alisema Bwana Elvis alikuja saa tano mchana kuchukua suti ya marehemu ya kuzikwa nayo, maana daktari aliiacha ofisini. Alikaa kidogo. Alitoka na suti.

"Na Priscilla?"

"Huyo huingia na kutoka. Ana ufunguo wake. Mimi huyo simwangalii."

Kwa hiyo walikuwa wawili. Na mlinzi aliyelala, kama walinzi wote.

Aliporudi ndani aliuliza habari ya zebaki. Priscilla alimwonyesha kichupa cha Mwikwabe rafuni, kimezibwa kwa nta, kimejaa, kizito ajabu, fedha ya maji ikicheza ndani polepole. Hakikuwahi kufunguliwa. Na hata kingefunguliwa, alisema, zebaki ya namna hiyo mtu akiimeza kwa kawaida inapita tumboni ikatoka. Inayoua kwa kumeza ni chumvi yake, unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji usionekane.

"Mnayo hapa?"

Priscilla alinyoosha kidole. Kwenye rafu ya juu palikuwa na chupa ishirini na moja. Ishirini zilikuwa na vumbi la kiangazi. Moja, ile ya chumvi ya zebaki, ilikuwa imepanguswa ikang'aa. Mong'ina aliivalisha mfuko wa plastiki bila kuigusa, na akapata hisia kwamba duara za ukutani zimesogea kidogo.

"Umesema sahani ya tisa ni maji ya mtungi wake; karatasi yake ya mwisho iko wapi?" aliuliza.

Ilichukua nusu saa. Karatasi za mwezi huo hazikuwa zimebandikwa, zilikuwa lundo chini ya hadubini, kama takataka za shule ya chekechea. Priscilla aliipata kwa tarehe, Julai mbili, siku moja kabla daktari hajapelekwa hospitali. Aliishika kwenye mwanga, akakaa chini.

Sahani ya tisa, maji ya mtungi wa nyumbani. Duara. Duara. Duara. Na mstari wenyewe wa penseli ulikuwa umekatikakatika, kwa sababu mkono uliofuatisha njia za minyoo ulikuwa nao unacheza. Chini, kwa herufi za kupinda: *Tisa wanazunguka. Siamini. Rudia.*

"Rudia ni nini?"

"Ndivyo alivyokuwa." Machozi yalikuwa yanamshuka Priscilla na hakuyafuta. "Jambo likitokea mara moja, kwake halijatokea. Alituimbia hivyo kila siku. Rudia mara tatu ndiyo uamini. Madam, minyoo ilimwambia kwamba mtungi wake una sumu, na yeye akaenda nyumbani kusubiri jaribio la pili."

"Na huku anakunywa."

"Na huku anakunywa."

Mong'ina alikuwa ameona shimo katika ushahidi huo, na wakili yeyote wa Kisumu angeliona pia.

"Wewe ukiwa mahakamani, mtu akikuambia daktari alikosea? Alikuwa mgonjwa, mikono inatetemeka, akachanganya sahani. Wale wa tisa walikuwa ni hawa waliozaliwa na jeni mbovu."

Priscilla alifikiri. "Inawezekana," alisema, na Mong'ina akampenda kwa hilo. "Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wa sumu na wa jeni wanazunguka sawasawa."

"Na mtungi?"

Mtungi walikwenda kuutafuta nyumbani kwa marehemu, hatua mia mbili kutoka pale. Ulikuwa umeoshwa na kuanikwa juani mdomo chini. Mong'ina alivunja kipande cha kitako, akakifunga pamoja na ile chupa, akavituma kwa mkemia wa serikali Nairobi kwa basi la mchana. Alipopiga simu Nairobi kuuliza majibu yatachukua muda gani, walimwambia wiki tatu. Mahakama ilikuwa Ijumaa.

"Niambie kitu kimoja," alimwambia Priscilla waliporudi. "Huyu aliyemwaga blichi, ameua kila kitu?"

Priscilla alikuwa ameshaweka sahani ya tisa chini ya hadubini. Mama minyoo walikuwa wameyeyuka, zimebaki ngozi. Lakini katikati ya mabaki yale kulikuwa na vitu vidogo vya mviringo, vinang'aa, vimekaa kimya.

"Hajaua mayai," alisema polepole. "Blichi haiingii ndani ya yai. Sisi wenyewe hutumia blichi kila wiki kusafisha minyoo ikipata ukungu. Inayeyusha mama, tunasuuza, mayai yanabaki masafi." Aliinua kichwa. "Madam, hawa wataanguliwa."

"Mama yao alizunguka."

"Kama alizunguka kwa jeni, watoto watazunguka. Kama alizunguka kwa sumu, na mimi nikiyahamisha haya mayai kwa sahani mpya, chakula kipya, maji ya mvua..."

"Watoto watatembea sawa," Mong'ina alimalizia. "Siku ngapi?"

"Alhamisi watakuwa wakubwa."

Mong'ina alimwambia ahamishe na mayai ya wale wa jeni mbovu pia, kwenye sahani ya pili. Kisha alimtoa nje. Akiwa peke yake aliandika A kwenye sahani moja na B kwenye nyingine, akaandika siri yake kwenye kipande cha karatasi, akakitia ndani ya soksi. Boksi alilifunga kwa kufuli ya serikali. Priscilla alikuwa bado mshukiwa, na Mong'ina hakutaka macho ya mshukiwa yajue yanatazama nini.

*

Jumanne alikwenda Osiri. Kinu cha Elvis Owaga kilikuwa kimesimama kwa ajili ya msiba, lakini watu walikuwepo, wamekaa ukingoni mwa bwawa la maji ya kijivu. Aliwaomba wanyooshe mikono. Walinyoosha bila kuuliza, kana kwamba hiyo ndiyo salamu ya mahali pale. Mikono ya watu kumi na tisa kati ya thelathini ilicheza. Hakuna aliyecheka, na juu ya bwawa hapakuwa na hata nzi.

"Daktari alisema atafanya nini na haya?" aliuliza.

"Kupeleka ripoti," mzee mmoja alisema. "Kinu kifungwe. Yeye na mdogo wake walibishana hapo hapo uliposimama. Bwana Elvis alimwambia, *omera*, ndugu yangu, wewe unapenda minyoo kuliko damu yako."

Jumatano alimpata Sista Kultum, muuguzi aliyemhudumia marehemu, anakunja shuka. Alimkumbuka vizuri.

"Siku mbili za mwisho alikuwa na neno moja tu. Tisa. Rudia tisa. Mimi nilidhani ni dozi. Alimshika mkono mdogo wake akamwambia, mwambie Priscilla arudie sahani ya tisa, usisahau. Yule bwana akasema, nitamwambia, lala. Alikuwa mpole sana na mgonjwa, alimlisha kwa kijiko. Nguo na funguo zake tulimkabidhi yeye."

"Priscilla alifika hospitali?"

"Hapana, huyo hakuja hata siku moja."

Mong'ina alimwuliza Priscilla jioni hiyo kama Elvis alimpa ujumbe wowote. Alisema alikutana naye Jumamosi, akampa pole, akamshika bega. Ujumbe haukuwepo.

Bwana Monari alimsikiliza dakika tano kamili. "Unaniambia kesi ya mauaji ni mayai ya minyoo," alisema. "Nitaitwaje mimi?"

"Nipe Alhamisi tu, bwana."

"Alhamisi ni yako. Ijumaa ni ya hakimu."

*

Alhamisi saa nne asubuhi Mong'ina alifungua kufuli. Priscilla aliinama juu ya sahani A. Alikaa hivyo mpaka Inspekta akatamani kumvuta kwa nguo.

"Wanazunguka," alisema. "Wote. Kushoto."

Aliweka sahani B. Safari hii alisogea tu, akampisha. Mong'ina alitazama. Walikuwa wanatembea. Walikata sahani kutoka ukingo hadi ukingo kwa mawimbi laini, wanapishana, wanaendelea na safari zao. Alivua kiatu, akatoa karatasi kwenye soksi, akaisoma ingawa aliijua. B ilikuwa mayai ya sahani ya tisa.

Kwa hiyo daktari hakuchanganya. Maji ya mtungi wake yalikuwa na sumu, na minyoo wake walimwambia ukweli mara ya kwanza.

Saa sita Elvis Owaga alifika kutoka Kosele, ambako boma lao lilikuwa limejaa waombolezaji. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, shati jeupe la msiba, mikono yake imetulia. Mong'ina alikuwa amemwomba aje kusaini vitu vya marehemu. Bwana Monari alisimama nyuma karibu na mlango, amekunja uso, anajitahidi kutotazama kuta.

"Pole sana, Bwana Elvis. Hatutakuweka."

"Asante, binti, *nyar* Kisii. Jumamosi tunamzika. Yule mtu wenu atakuwa amesomewa?"

"Kesho. Leo tunafunga hii maabara. Priscilla ameumia mkono, na mimi hivi vitu naviogopa." Hilo la mwisho halikuwa uongo. "Nasikia zamani ulikuwa ukimtembelea marehemu hapa, ukimsaidia kazi. Hizi zilizobaki tunazisafishaje?"

Elvis alitabasamu kwa huzuni. Alikuwa mtu anayependa kujua vitu. "Hiyo ni kazi ndogo. Caleb alinionyesha." Alikwenda kwenye rafu ya chini bila kuuliza, akatoa chupa ya blichi. Alifungua kifuniko cha sahani, akamwaga kidogo katikati, akazungusha, akafunika, akaiweka kwenye trei. Wima. Akachukua ya pili. "Unangoja dakika kumi. Wanayeyuka, hakibaki kitu. Nilimwona akifanya mara nyingi."

Ya pili nayo aliiweka wima. Priscilla alikuwa ameuma mdomo mpaka ukawa mweupe.

"Hakibaki kitu?" Mong'ina aliuliza.

"Hakuna."

"Na mayai?"

Mkono wa Elvis ulikuwa hewani, umeshika sahani ya tatu.

"Mayai gani?"

Mong'ina alimsogezea kiti, akaisukuma hadubini mbele yake, sahani B tayari chini ya kioo. "Tazama," alisema. "Hao ni watoto wa sahani ya tisa. Ulimwagia mama zao blichi Jumapili saa tano, ulipokuja na ufunguo wa ndugu yako kuchukua suti. Priscilla hufanya kazi hii kila wiki, anajua yai halifi. Mwikwabe alikuwa kwangu chini ya kufuli. Aliyezimwagia ni mtu aliyeona nusu ya kazi akaondoka kabla haijaisha, na akarudisha sahani wima kama vikombe vya chai."

"Blichi si sumu ya binadamu," Elvis alisema kwa sauti ya kawaida. "Hata kama nilimwaga. Ni uchafu tu nilisafisha."

"Kweli. Lakini ulisafisha nini? Sahani ya tisa ni maji ya mtungi wa nyumbani kwake, na mtungi huo nao nimeukuta umeoshwa. Na Caleb alikutuma na neno moja kabla hajafa, Sista Kultum alikuwa kando ya kitanda akasikia. Arudie sahani ya tisa. Mbona hukumwambia Priscilla?"

Elvis aliinama kutazama ndani ya hadubini, labda kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kutazama. Aliangalia muda mrefu. Mikono yake mikubwa iliyotulia ilishika ukingo wa meza, na mabegani mwake kitu kikaanza kulegea.

"Wanatembea tu," alisema.

"Wanatembea sawa."

"Alikuwa anakufa na bado ananiamini," Elvis alisema ndani ya kioo. "Ananipa ujumbe wa minyoo. Kama angenishuku hata mara moja ningeona ni rahisi." Hakuinua kichwa. "Angefunga kinu. Baba alituachia kile kinu kimoja tu."

Bwana Monari ndiye aliyetoa pingu. Zilifunga bila kelele yoyote, na hilo ndilo lililomsumbua askari wa zamu baadaye, kwamba hizi hazikuongea.

*

Mong'ina alifungua seli mwenyewe. Mwikwabe alikuwa amekaa ukutani, mikono yake ameibana katikati ya magoti. Alimwambia kwamba kesho hakuna mahakama, aende nyumbani. Mwikwabe aliitikia kwa kichwa. Hakusimama.

"Alikuwa nani?"

"Elvis."

"Ee." Alikaa na hilo kidogo. "Kwa ndugu yake."

Alikuwa bado hajasimama, na Mong'ina alijua anasubiri nini. Alijiambia tena kwamba yeye si daktari. Kisha akachuchumaa mbele yake pale sakafuni, sketi ya serikali na yote.

"Mwikwabe, nisikilize. Daktari alikuwa na minyoo ya aina mbili, na yote ilizunguka sawasawa. Wengine walizaliwa nayo. Wengine walitiliwa zebaki. Kwa macho huwezi kujua, mpaka wazae."

Mikono ilikuwa inacheza kati ya magoti, na haingetulia leo wala kesho.

"Wale wa zebaki," Mwikwabe alisema, "watoto wao?"

"Niliwaona mimi mwenyewe asubuhi hii. Tuliwatoa kwa maji mabaya tukawapa maji ya mvua. Wanatembea sawa. Baba yako alichoma zebaki?"

"Tangu nikiwa mdogo. Ndani ya nyumba. Nilikuwa namshikia kikaango."

"Basi usimwachie Boke akushikie chako. Na Jumatatu mlete hospitali wampime, usingoje."

Mwikwabe aliinamisha kichwa. Alilia kimya, mabega yakitetemeka pamoja na mikono, na kwa mara ya kwanza haikuwezekana kujua kipi ni ugonjwa na kipi ni kilio. Askari wa zamu alileta chai nyingine bila kuambiwa. Mong'ina alikipokea kikombe, akakishika mwenyewe, akamnywesha.